Mhadhiri wa ushauri nasaha apimwe kwa sikio lake pia

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie tangazo la kazi ambalo limekuwa likipita kutoka simu hadi simu hapa Malindi kwa wiki kadhaa sasa. Chuo kikuu kimoja kinatafuta mhadhiri wa kufundisha ushauri nasaha wa afya ya akili. Sikitaji chuo hicho kwa jina, kwa kuwa lililo katika tangazo lake limo pia katika matangazo mengi ya namna hiyo. Nilipolisoma mara ya kwanza nilifurahi, maana mwambao huu una kiu ya wataalamu wa fani hiyo. Nilipolirudia, furaha ilipungua. Linataka shahada ya uzamivu, makala katika majarida ya kitaaluma, uwezo wa kuvuta fedha za utafiti na uzoefu wa kufundisha kwa njia ya mtandao. Hapana pahali linapouliza ni lini mwombaji alikaa mara ya mwisho na mtu mwenye dhiki, wala walizungumza kwa lugha gani.

Naandika nikiwa mwalimu mstaafu. Mwaka 2001 serikali ilipopiga marufuku adhabu ya kiboko shuleni, wengi wetu tuliamka tukajikuta tumekuwa washauri. Mwalimu mkuu aliniita, akanikabidhi ufunguo wa chumba kilichokuwa stoo ya majembe, akaniambia kwamba hiyo ndiyo idara ya mwongozo na ushauri nasaha na mimi ndiye mkuu wake. Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Nilizijua pepo za kaskazi na za kusi, lakini sikujua la kufanya na binti wa kidato cha pili aliyeingia, akakaa kipindi kizima akilia bila kutamka neno. Basi nikamshauri. Nilimpa nasaha za kujaza gunia: amwombe Mungu, ajikaze, awafikirie wazazi wake, akumbuke mtihani uko mbele. Alinishukuru kwa adabu, akatoka, na hakurudi tena. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siku ile nilisema mno, na nilielewa kwa sababu mama mmoja muuguzi alikubali kuketi nami kila Ijumaa na kunihoji juu ya kila mwanafunzi niliyempokea.

Taabu nyingine imo ndani ya jina lenyewe. Tumeiita kazi hii ushauri nasaha, maneno mawili yanayobeba maana ileile, na mtu wa pwani akiyasikia humwona mzee kwenye baraza akimkanya kijana. Kazi anayofunzwa mshauri ni karibu kinyume cha hayo, kwani yeye hujifunza kunyamaza, kuuliza, kuvumilia kimya cha mwenziwe, na kumrudishia mtu maneno yake mwenyewe ili ayasikie upya. Hilo halifundishwi kwa kusomewa kurasa. Mwanafunzi hulipata kwa kumwona mwalimu wake akilifanya, kisha akalijaribu yeye huku mwalimu akimsikiliza na kumkosoa, kama fundi wa jahazi anavyomwachia mwanagenzi ubao mmoja na kumsimamia hadi ukae sawa.

Kuhusu lugha, chukua dodoso la maswali 9 linalotumika kliniki nyingi kupima huzuni iliyozidi, ambalo kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3 na jumla haiwezi kupita 27. Linauliza yaliyompata mtu katika wiki 2 zilizopita. Kujumlisha alama ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Ugumu huja pale mama wa Gongoni anapojibu kwamba roho yampaa, au kwamba kichwani mwake mna vitu vitambaavyo, au kwamba ana pepo aliyemkalia tangu alipofiwa na mwanawe. Mwanafunzi aliyesoma kwa Kiingereza kitupu hapo huduwaa. Ataandika kwamba huyu amerukwa na akili, au atamcheka, au atambishia habari za pepo, na kwa lolote kati ya hayo matatu mama hatarudi. Vitabu vya Tanzania vimetupa neno sonona kwa ugonjwa huo. Ni neno zuri, lakini nilipolitaja sokoni hapa niliulizwa kama ni aina ya samaki. Watu wetu husema wana mawazo, na neno hilo moja hubeba deni la dukani, talaka, msiba na ugonjwa wa kweli. Kuyatenganisha hayo ndiyo elimu yenyewe.

Zimbabwe walilitambua hili mapema. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alipoanzisha katika mtaa wa Mbare, Harare, mwaka 2006, kazi yake iitwayo Benchi la Urafiki, ambapo akina nyanya huketi na wenye dhiki kwenye benchi na kuwasikiliza, hakuwafunza nyanya hao kutumia majina ya kitabibu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Matokeo ya utafiti juu ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani, na yalionyesha kwamba waliokaa na nyanya hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Anayedhani kwamba lugha ya nyumbani hupunguza taaluma na ayatafakari hayo.

Wapo watakaonijibu kwamba shahada ya uzamivu ni sharti la kawaida kwa cheo cha mhadhiri katika vyuo vyetu. Na ibaki. Sipingi elimu, wala siombi kazi hii apewe mtu kwa sababu tu amezaliwa hapa. Nimewajua washauri waliotoka Kisumu na Kakamega, wakaishi nasi miaka, ambao akina mama wa vijijini huwaita kwa jina la kifamilia, na nimewajua wana wa mji huu ambao hawawezi tena kumaliza sentensi bila Kiingereza. Ninaloomba ni sharti la pili liwekwe kando ya lile la kwanza, na liwe na uzito sawa nalo: saa alizokaa na wateja na saa alizowasimamia wanafunzi.

Hata Marekani, ambako tunapenda kuchukua mitaala, jambo hili halikuachwa wazi. Baraza la huko linaloidhinisha programu za washauri, CACREP, lililoanzishwa mwaka 1981, humtaka mwanafunzi wa uzamili amalize saa 100 za mazoezi ya awali, 40 kati ya hizo akiwa ana kwa ana na wateja, kisha saa 600 za mafunzo kazini, 240 kati yake zikiwa za ana kwa ana vilevile. Muda huo wote awe na msimamizi kila wiki, na kundi la usimamizi lisipite wanafunzi 12. Wao wana fedha ambazo sisi hatuna, na sisemi tuige kila kitu. Lakini msomaji apige hesabu: chuo kikipokea wanafunzi 60 na kikaajiri mhadhiri mmoja, tena kikamjazia kozi nne za kufundisha na vikao vya idara, ni nani atakayesikiliza jinsi wanafunzi hao wanavyozungumza na wagonjwa? Jibu ninalijua, kwa kuwa nimepokea wanafunzi wa mazoezi shuleni kwetu. Walikaa nasi muhula mzima, na msimamizi wao alifika mara moja, akatia sahihi fomu zote mezani, akanywa chai, akaondoka.

Mahali pa kujifunzia hapakosekani. Kliniki ya methadoni katika hospitali ya Malindi ilifunguliwa mwaka 2015, na vijana walioacha unga, yaani heroini, hufika hapo kunywa dawa yao ya kila siku. Dawa ile hutuliza arosto, yaani mateso ya mwili unaoukosa unga, ila haimrudishii mtu mkewe, wala haimwambii afanye nini anapopita maskani ya zamani na kuitwa na wenziwe. Kisha kuna Shakahola, msitu ambamo wafuasi wengi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule kuanzia mwaka 2023, na jamaa walikuja mjini kwetu kutoka kila pembe ya nchi kutafuta watu wao. Washauri walikuja kutoka mbali, wakafanya kazi njema, kisha wakarudi makwao kwa sababu huko ndiko walikoajiriwa. Waliofiwa na walionusurika bado wapo, na miongoni mwao wamo watoto.

Lamu ina fumbo lake, ambalo mhadhiri huyu atalazimika kulifundisha hata kama kitabu chake hakilitaji. Kitabu kinamwambia mshauri asimpokee jamaa yake. Sasa mshauri wa Siyu au wa Faza atampokea nani, ikiwa kijiji kizima ni wajomba, mashemeji na watu walionyonya pamoja? Katika vichochoro vya Mji wa Kale, mtu akionekana akiingia mlango fulani mara mbili, kufikia alasiri barazani wanajua. Siri hapo hulindwa kwa ustadi ambao mtu hujifunza kwa kuishi mahali kama hapo, na sijui mtihani wa maandishi utakaoupima.

Na sheria nazo zimesogea. Tangu mwaka 2014 tuna sheria inayotaka washauri na wanasaikolojia wasajiliwe, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Familia ambazo zamani zilificha jambo hilo kwa kuogopa polisi huenda sasa zikabisha hodi. Mhadhiri awe amesajiliwa mwenyewe, na awe anajua la kumfunza mwanafunzi atakayefungua mlango huo.

Kwa hiyo naliomba jopo la usaili, pamoja na lile somo la mfano ambalo waombaji hutakiwa kulitoa, limpe kila mmoja nusu saa ya kukaa na mtu na kumsikiliza kwa Kiswahili, na miongoni mwa watakaotoa alama awepo muuguzi wa kliniki ya wagonjwa wa akili. Atakayeajiriwa aachiwe walau siku moja kwa wiki ya kuona wateja, iandikwe hivyo katika mkataba wake. Jopo likikosa mtu wa kukaa kwenye kiti cha mteja, mimi nipo, na nauli ya matatu nitajilipia.

Wako,
Mwalimu Mstaafu,
Shela, Malindi