Mini kama ya Mr. Bean, friji kama ya Lucy: tunachofanya na tunachokataa

Maombi mengi ya vitu vya kale yanayofika kwenye karakana yetu hapa Mombasa huanzia kwenye televisheni. Mtu amekua akimtazama Mr. Bean, au siku hizi anakesha na vichekesho vya Kimarekani vya miaka ya 1950 kwenye simu, akapenda friji yenye pembe za mviringo na mpini mkubwa wa kromu, basi anatutumia picha: "Fundi, hii mwaweza?" Nasi humrudishia swali: unataka kitu cha kutumia au cha kutazamwa? Ni kazi mbili tofauti, zenye bei mbili tofauti, na kuna vifaa ambavyo hatukubali kuvifufua vitumike hata mteja akiwa tayari kulipa kabla ya kazi.

Kwenye magari, jina ni moja: Mini, gari dogo la Kiingereza. Ile ya Mr. Bean ni Mini 1000 ya British Leyland ya miaka ya 1970, injini ya cc 998, rangi ya kijani kinachoelekea manjano na boneti jeusi lisilong'aa. (Wenye kumbukumbu nzuri watasema ya kwanza ilikuwa ya rangi ya chungwa. Ni kweli, ndiyo iliyotumika katika sehemu ya kwanza, iliyorushwa tarehe 1 Januari 1990.) Wateja huitaka pamoja na vituko vyake: komeo na kufuli mlangoni, na usukani wa kung'oa. Komeo tutakufungia, ni matundu machache na skrubu. Usukani wa kung'oa hatufungi kwenye gari litakaloingia barabarani, na hapo hatubishani.

Kuagiza moja kutoka Uingereza usikimbilie. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi umri wa miaka 8, na Mini ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka kiwandani mwaka 2000. Kwa hiyo tunazozishughulikia ni zile zilizokuwa nchini tayari, nyingi zikiwa zimeegeshwa nyuma ya nyumba tangu mzee mwenyewe alipoacha kuendesha, kuku wanatagia siti ya nyuma.

Ili uelewe bei yetu, elewa kwanza gari lenyewe. Aliyelibuni, Alec Issigonis, alitakiwa kutoa gari dogo lisilokunywa petroli, baada ya mgogoro wa Suez wa mwaka 1956 kuwaacha Waingereza wakipimiwa mafuta. Likaingia sokoni mwaka 1959. Injini aliilaza kwa upana wa gari badala ya urefu, na giaboksi akaiweka chini ya injini, zote mbili zikioga katika oili ileile. Abiria wanne wakapata nafasi, na mafundi wakapata kazi ya miaka zaidi ya 60.

Oili ndiyo ya kwanza kuulizia. Kwa kuwa meno ya gia yanaisaga pamoja na injini, huchoka mapema kuliko ya gari la kawaida. Tunaibadilisha kila kilomita 5,000 na tunatia oili nzito ya 20W-50 ya kawaida, isiyo ya sintetiki. Mteja akija na galoni ya oili nyepesi aliyobakisha kwenye gari lake la kisasa, tunamrudishia galoni yake.

Halafu kuna mvua. Injini ikishalala kwa upana, distribyuta (kile kifaa kinachogawia plagi umeme) na waya za plagi zinakuwa zimetazama mbele, nyuma tu ya grili. Masika yakipiga, au ukipita kwenye dimbwi kwa pupa, maji yanaingia moja kwa moja na gari linazima katikati ya barabara huku matatu zikikupigia honi. Waingereza wenyewe walikuwa wakiivisha distribyuta glovu ya mpira ya kuoshea vyombo, kila waya ukapita kwenye kidole chake. Inachekesha kuliko kipindi, lakini inafanya kazi. Sisi huweka ngao ya plastiki mbele yake, tunabadilisha waya zilizopasuka, tunazipima pointi upya kwa mwanya wa milimita 0.38, na glovu bado hatuidharau.

Petroli nayo imebadilika. Injini hizi ziliundwa wakati petroli ina madini ya risasi, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti vya valvu, yaani pale valvu zinapokalia zikifunga. Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwaka 2006. Gari lililolala kabla ya hapo linaamshwa na petroli ambayo halikuundiwa: valvu za ekzosi huanza kujichimbia polepole, nguvu inapungua, asubuhi linakuwa gumu kuwaka. Dawa ya kweli ni kuifungua silinda hedi na kutia viti vipya vya chuma kigumu. Chupa za dawa ya kuchanganya na petroli zipo pia, na kwa gari la kubebea maharusi mara moja moja zinatosha. Hatutakuuzia kazi ya silinda hedi kama gari lako halitazidi kwenda Nyali na kurudi.

Lakini kinachokula bajeti ni kutu. Mini haina chasisi nzima. Chini yake kuna fremu ndogo mbili, ya mbele na ya nyuma, na ya nyuma ndiyo huoza kwanza, ikifuatiwa na vizingiti vya milango na sakafu. Gari lililowahi kuishi Uingereza lilikula chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, kisha likaja Mombasa kula chumvi ya bahari. Ndiyo maana hatutoi bei kwa kuangalia picha. Tunalipandisha gari, tunagonga chini kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Nyundo ikiruka, vizuri. Ikizama, tunakuita uje uone kwa macho yako kabla hatujaendelea. Puti juu ya kutu hatupaki, hata kwa gari la kutazamwa tu, kwa sababu mwaka ukiisha rangi inafumuka na jina linaloharibika ni letu.

Kuna kichekesho kingine cha Waingereza, Fawlty Towers, ambacho sehemu yake moja ya mwaka 1975 tungependa kila mwenye gari la kale aitazame. Mwenye hoteli anabania pesa za gereji ingawa mkewe amemwambia alipeleke gari. Usiku wenyewe, wageni wakisubiri chakula, gari lake jekundu aina ya Austin 1100 linamzimikia njiani. Analihesabia moja mpaka tatu, haliwaki, anaenda kuvunja tawi la mti na kulichapa. Fundi akiitazama anacheka mara mbili, maana huyo mwenye hoteli anamjua, humjia kila Jumamosi. Austin 1100 pia ilibuniwa na Issigonis, ila badala ya springi za kawaida ina vyumba vya maji yenye shinikizo vinavyounganisha gurudumu la mbele na la nyuma. Maji yakivuja, gari hulalia upande. Pampu maalumu ya kuyarudisha sisi hatuna, na tunakuambia mapema ili usilivute gari kutoka Malindi bure.

Ile Reliant Regal ya njano ya magurudumu matatu katika kichekesho cha Kiingereza Only Fools and Horses huulizwa kwa utani tu, hasa na wenye bajaji. Bodi yake ni ya faibaglasi, haishiki kutu kabisa. Kwa fundi wa pwani hilo ni jambo la kuonea wivu.

Sasa vyombo vya nyumbani, na hapa ndipo tunapokuwa wakali.

Katika kichekesho cha Kimarekani I Love Lucy, sehemu ya mwaka 1952, Lucy na jirani yake Ethel wananunua friza kubwa na nyama ya kuijaza, na Lucy anajifungia ndani kwa bahati mbaya. Anatoka ameganda, barafu zikimning'inia usoni, na watu wanaangua kicheko. Friji za wakati ule zilikuwa na kitasa cha chuma kinachojifunga, na ndani hapakuwa na namna ya kufungua. Watoto wa Marekani waliocheza kibe wakajificha kwenye friji zilizotupwa walikufa kwa kukosa hewa. Mwaka 1956 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria kwamba friji ya nyumbani lazima ifunguke kwa kusukumwa kutoka ndani, ikaanza kutumika mwishoni mwa Oktoba 1958. Ule utepe wa raba wenye sumaku kwenye mlango wa friji yako unahusiana na historia hiyo. Na friji za kale ziliendelea kuzagaa: mwaka 1986 kipindi cha watoto na familia, Punky Brewster, kilionyesha mtoto akizirai ndani ya moja wakati wa mchezo wa kujificha.

Kwa hiyo friji yoyote ya kitasa ikiingia kwetu, mlango unang'olewa siku hiyohiyo na kuwekwa kando. Ukirudishwa, kitasa kimetolewa ulimi, mpini wa kromu umebaki kwa sura, na tumefunga utepe wa sumaku. Mteja mmoja mmoja hulalamika kwamba ule mlio wa "klak" umepotea. Umepotea, ndiyo. Mwenye mkahawa anayeitaka kwa mapambo ndiye tunamkazia zaidi, kwa kuwa watoto wa wateja wake hawajui kwamba ni pambo.

Suala la pili la friji ni gesi. "Nitie gesi tu, fundi" ni maneno mepesi, lakini gesi ipi? Friji za General Electric zilizotoka mwaka 1927, zile zenye mashine ya duara juu ya kabati, nyingi zilikuwa na salfa dioksidi, ambayo ikivuja inachoma macho na mapafu. Hizo hatuzifungui. Zilizofuata zilitumia R12, gesi iliyopigwa marufuku hatua kwa hatua baada ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Anayekujazia R134a, gesi iliyokuja baada yake, juu ya oili ya zamani ya R12 anakuuzia miezi michache: oili ile haichanganyiki na gesi hiyo, hairudi kwenye kompresa, na kompresa inakufa kwa ukavu. Kwa friji ya kutumika kila siku sisi tunatoa mashine yote ya ndani na kufunga mpya, kabati na rangi vikibaki vya zamani. Ikiwa hesabu hiyo inakutisha, nunua friji mpya iliyoundwa kwa umbo la zamani. Zipo, na umeme zinakula kidogo kuliko vitu hivi vya makumbusho.

Kazi nyepesi kuliko zote ni ya wale waliopenda kile kisanduku katika jikoni la The Honeymooners, kichekesho cha Kimarekani cha miaka ya 1955 na 1956. Ile si friji, ni kabati la kuwekea pande la barafu. Haina waya wala gesi. Ukiwa na barafu ya magogo kama ya wavuvi na beseni la kukingia maji, soda zitapoa.

Ndugu walio Marekani na Canada nao hutuma vitu kwenye kontena: tosta ya kromu, mikisa ya Sunbeam, pasi, santuri. Vimeundwa kwa volti 120 na mzunguko wa Hz 60, na kwetu ni volti 240 na Hz 50. Tosta ikichomekwa hivihivi huvuta nguvu mara nne, na waya wake unakatika kabla mkate haujapata rangi. Transfoma inashusha volti lakini haibadilishi mzunguko. Mikisa yenye kaboni brashi haijali hilo. Santuri inajali: mota yake huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na mwimbaji anatoka na sauti ya mtu aliyetoka usingizini. Kompresa ya friji nayo huchemka.

Na rangi za waya, tafadhali. Kwenye waya wa Marekani mweusi ndio wa moto na mweupe ni nyutro. Kwenye waya wa zamani wa Uingereza mwekundu ndio wa moto, mweusi ni nyutro. Fundi wa mtaani aliyezoea wa Kiingereza akifunga plagi mpya ya pini tatu kwenye kifaa cha Marekani kwa mazoea, swichi ya kifaa itazima nyutro na moto utabaki ndani. Vingi havina hata waya wa ethi, ilhali vina mwili wa chuma. Tunaweka waya mpya wa tatu kila inapowezekana. Isipowezekana, tunakirudisha kikiwa kimekatwa waya, cha kutazamwa. Pasi na tosta zenye asbesto ndani (nyuzi ambazo vumbi lake hudhuru mapafu) hatuzipulizi vumbi wala kuzipangusa. Hukaa ndani ya mfuko mpaka mwenyewe aamue.

Televisheni za kabati la mbao tunazikubali kwa kazi moja: kutoa kioo na saketi, na kuweka skrini bapa ndani. Kioo cha zamani huhifadhi umeme wa maelfu ya volti hata kikiwa kimezimwa, kwa hiyo usikifungue nyumbani.

Ukitaka tukuangalizie kitu, tutumie picha tatu: ya mbele, ya nyuma, na ya kile kibati chenye volti, Hz na aina ya gesi. Kwa gari, ongeza picha ya chini ya mlango na ya sakafu baada ya kuinua zulia, hata kama bei tutaitoa baadaye. Na kama kifaa ndiyo kwanza kimetoka kwenye kontena, usikichomeke "kujaribu tu" kabla hatujakujibu.