Wakulima wa miwa walipwe kwanza, kinga ya sukari baadaye

Mhariri,

Assalamu aleikum. Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu sukari, manake tangu ile kinga ya kuzuia sukari nyingi ya nchi za Comesa, yaani soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, iishe tarehe 30 Novemba 2025 bado wapo wanaotaka irudishwe, wanasema sukari ya nje itaua viwanda vyetu, na kila mjadala huo ukianza sisi wa Pwani hatuulizwi kitu. Na sisi ndio tunaonunua sukari iliyosafirishwa kwa lori kutoka Magharibi mwa Kenya, nchi nzima inakatwa mpaka ifike Malindi, ilhali bandari iko hapo Mombasa.

Nirudi nyuma kidogo. Soko huria la Comesa lilianza Oktoba 2000 na Kenya ilikuwamo tangu siku ya kwanza, nchi zilizoingia ziuziane bidhaa bila ushuru. Muda si mrefu viwanda vya sukari vikalia haviwezi kushindana na sukari ya Misri, Malawi, Zambia na Mauritius, serikali ikawaombea kinga, yaani sukari ya kutoka nchi hizo ikawekewa kiwango isipite. Ilikuwa ya muda tu, wajitengeneze. Ikaongezwa, ikaongezwa tena, mpaka ikapita miaka 20. Mtoto aliyezaliwa kinga ikianza saa hii ana mtoto wake.

Na haikutolewa bure, ilikuwa na masharti. Mashamba yapandwe miwa inayokomaa mapema, mkulima alipwe kwa utamu wa muwa sio uzito peke yake, viwanda vya serikali vipate wenyewe wa kuviendesha. Sasa tazama. Vile viwanda vinne, Nzoia, Chemelil, Sony na Muhoroni, vimekodishwa 2025, kinga iko mwaka wake wa mwisho! Malipo ya utamu tumezungumza miaka na miaka na mkulima bado anapimiwa kwenye mizani, kwa hivo hata akitunza shamba lake vizuri namna gani hakuna anachoongezewa, na muwa ukikawia kuvunwa kwa sababu lori halikuja unakauka, uzito unapungua, hasara ni yake. Hiyo sio kazi ya Misri wala Malawi. Hiyo ni sisi wenyewe.

Wanaosema soko huria ndilo linaloua viwanda naomba wanisaidie kwa hili. Ramisi, kiwanda chetu cha Pwani kule Kwale, kilifungwa 1988, Comesa haijazaliwa. Watu walipoteza kazi na mji ukafa, wazee wa kule waulizwe. Mumias nayo, iliyokuwa kubwa kuliko zote Kenya, ikawekwa 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kukusanya deni la wanaoidai, na kinga ilikuwepo, imesimama. Kwa hivo kimoja kimekufa kabla ya mkataba na kingine kimeanguka ndani ya kinga, na sababu kubwa ni uendeshaji mbaya na madeni. Mkulima aliyepeleka miwa Mumias akakaa miaka anadai pesa zake, watoto wametolewa skuli, huyo kinga ilimkinga na nini?

Mi kazi yangu ni halua. Halua ni wanga, samli, hiliki, na sukari, na sukari ndio inayoingia nyingi kwenye sufuria, huwezi kuipunguza ukaficha, ukiipunguza haishiki vizuri na haikai, mteja wa halua anajua akiigusa tu. Mwaka 2023 miwa iliadimika, serikali ikasimamisha usagaji viwandani kwa miezi manake watu walikuwa wanavuna miwa michanga, bei ya kilo ikapita shilingi 200. Nikawa nakata vipande vidogo kwa bei ileile na nilikuwa naona haya. Mama wa kaimati mtaani kwetu aliacha kabisa kwa muda, shira ilikuwa inamla faida yote. Na usisahau wale wanaonunua robo au chini ya robo dukani, chai ya asubuhi hiyo, wao ndio wanaolipa ghali kuliko wote wakihesabu kwa kilo.

Halafu kuna jambo watu wa huku tunalijua, sukari ya ndani ikipanda sana ile ya magendo inayopitia Kismayu inapata soko, haijapimwa, haijalipa ushuru, inajazwa kwenye magunia mengine na kuuzwa. Kinga haikuizuia hiyo. Mi naona iliipa faida zaidi.

Nisieleweke vibaya, siko kinyume na wakulima. Nchi haiwezi kutegemea meli kwa kila kitu, na 2024 Kenya ilitengeneza sukari zaidi ya tani laki nane, inaonyesha miwa ikiwepo tunaweza. Tena sukari ya nje ya Comesa na ya Afrika Mashariki bado inalipishwa ushuru wa asilimia 100, sio kwamba mlango umeachwa wazi kwa dunia nzima, Brazil haiji kumwaga sukari hapa kesho. Ninachokataa ni mwenye kiwanda kumsimamisha mkulima mbele kila soko likifunguliwa, halafu mlango ukifungwa anakaa na pesa ya mkulima huyohuyo.

Sheria mpya ya Sukari ya 2024 imerudisha Bodi ya Sukari na ushuru wa asilimia 4 wa kuendeleza sekta, na ushuru huo unatozwa sukari ya ndani na ya nje, kwa hivo na sisi walaji wa Malindi tunauchangia kwenye kila kilo. Basi naomba Bodi itoe gazetini kila mwezi orodha ya viwanda, kila kimoja kimenunua miwa tani ngapi, kimelipa kiasi gani na kinadaiwa kiasi gani. Kiwanda kinachodaiwa na wakulima kisisikilizwe kikija kuomba kinga, kiwe cha serikali ama cha mtu binafsi. Na mkutano wa kujadili bei ya sukari ukiitwa tena, uitwe na huku Pwani pia, tutakuja.

Muuza halua,
Malindi