Kabla Hujasaini Hiyo Kontrakti

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na mama nisalimie sana, mwambie goti langu limepata nafuu. Ile sauti uliyonitumia WhatsApp nimeirudia tena na tena na nimeona nisikujibu kwa sauti kama kawaida yetu, manake hili jambo refu na nikianza kuongea ntaruka vitu, wacha nikuandikie usome ukiwa umetulia.

Kwanza hongera. Najua vile mmesota na hizo shoo za sarakasi mahotelini, mnaruka kwenye zege wageni wakishamaliza kula, afu mnapewa bahasha moja mgawane kundi zima, kwa hivyo ejenti akija na kontrakti ya msimu mzima Ujerumani, viza juu yake, tiketi juu yake, mimi ni nani nikwambie uache riziki. Lakini kuna kitu umesema hapo katikati ukakipitia haraka, kwamba hiyo sarakasi iko na ndovu na chui milia, na nyinyi mtaingia ndovu wakishatoka, na nilipoguna kidogo ukaniambia "si hata sisi tulichapwa tukifunzwa, mbona tumetoka wazima." Hilo neno ndo limeninyima usingizi.

Tulichapwa, ndio. Mwalimu wetu alikuwa na ile fimbo ya mpera na ukilegeza goti kwenye piramidi ya watu unaisikia. Lakini kumbuka jioni ulikuwa unaenda kwenu. Ukiumwa mgongo ulikuwa na mdomo wa kusema mgongo unauma, na ule wakati ulikasirika ukasema umeacha sarakasi kabisa, ulikaa nyumbani unauza juisi na hakuna aliyekufuata na mnyororo. Na ulikuja mwenyewe, kwa miguu yako, uliona wakubwa wanaruka pale mchangani ukatamani. Ndovu hajatamani kusimama kwa kichwa hata siku moja. Umeshawaona wale wa Tsavo ukipita na basi la Nairobi, wekundu kwa ule udongo, mama mbele na watoto katikati, sasa niambie lini uliona mmoja amekaa matako kwenye kigoda na mikono juu.

Ndovu anabeba mimba miezi 22, na mtoto akizaliwa jike anakaa na mamake na mashangazi na dada zake maisha yake yote, hilo si hadithi, Cynthia Moss na wenzake wamewafuata ndovu wa Amboseli tangu 1972, wanawajua familia kwa familia. Mtoto wa sarakasi yeye anatolewa kwa mamake akiwa bado ananyonya. Kuna jamaa alifanya kazi miaka mingi kwa Ringling, ile sarakasi kubwa ya Marekani, na kabla hajafariki mwaka 2009 alitoa picha za vile watoto wa ndovu walikuwa wanafunzwa huko kwenye kituo chao Florida. Mtoto amefungwa kamba miguu yote, watu wazima kadhaa wanamvuta wamwangushe chini ajifunze kulala, wengine wamfanye akae, na mmoja amesimama na ile fimbo yenye kulabu ya chuma. Kampuni ilisema hayo ni mafunzo ya kawaida. Mimi ndo hapo nashindwa, kama hayo ndo kawaida basi tatizo ni hiyo kawaida yenyewe.

Na hiyo fimbo usidhani ni ya mchungaji mmoja wa ndovu mkorofi. Mwaka huohuo wa 2009 Kenneth Feld, mwenye kampuni, alisimama mahakamani Washington, kwenye kesi waliyofunguliwa na watetezi wa wanyama, akakubali kwa mdomo wake kwamba watu wake huwapiga ndovu nayo, nyuma ya masikio, chini ya kidevu, na akaitetea kuwa ni lazima. Ngozi ya ndovu ni nene ndio, lakini nyuma ya sikio ni laini, inzi akitua hapo anamsikia.

Najua utaniambia kesi hiyo watetezi wa wanyama walishindwa. Kweli walishindwa, tena vibaya, shahidi wao mkuu, ambaye pia alikuwa mmoja wa washtaki, alikuwa analipwa pesa na haohao waliomleta, jaji hakumwamini akaitupa kesi, na baadaye mashirika yakailipa kampuni mamilioni ya dola. Nimekasirika sana niliposoma hiyo, manake waliharibu wao wenyewe. Lakini jaji hakusema ndovu hawakupigwa. Alisema huyo mtu hana haki ya kushtaki. Ni vitu viwili tofauti, na wenye sarakasi wanapenda kuvichanganya, ejenti wako akikuletea hiyo hadithi ujue iko hivyo.

Sasa hebu nikwambie ya Tyke, huyu ndo nataka umjue. Alikuwa ndovu jike wa hukuhuku kwetu Afrika, alishikwa Msumbiji akiwa mtoto akapelekwa Marekani, kampuni moja ikawa inamkodisha sarakasi hii leo, ile kesho. Mwaka 1993 alitoroka mara mbili, Aprili huko Altoona, Pennsylvania, shoo ikiendelea, na Julai tena kwenye maonyesho ya jimbo la North Dakota. Mnyama anakwambia sitaki, sitaki, kwa lugha pekee aliyo nayo. Wakamrudisha kazini. Tarehe 20 Agosti 1994, Honolulu kule Hawaii, aliingia ulingoni akamvamia mhudumu wake, mkufunzi Allen Campbell akajaribu kuingilia, Tyke akamponda akamuua palepale mbele ya watu na watoto wao, na mwanzoni wengine walidhani ni sehemu ya mchezo. Afu akatoka mbio hadi barabarani na lile pambo lake kichwani, katikati ya magari, karibu nusu saa polisi wanamfyatulia, risasi 86. Akaangukia kando ya gari. Alikuwa na miaka kama 20, na ndovu anaweza kufika 60, kwa hivyo huyo alikuwa bado msichana. Video ipo mtandaoni lakini usiangalie watoto wakiwa karibu. Na yule Campbell naye alikuwa mtoto wa mtu, alienda kazini kama mimi na wewe tunavyoenda na hakurudi. Ndo maana nakwambia hii kitu haiumizi wanyama peke yao, wewe utakuwa umesimama nyuma ya pazia, hatua chache kutoka kwa mnyama mwenye hasira za miaka.

Mimi mwenyewe nimefanya msimu kwenye sarakasi yenye ndovu, jina lake sitalitaja. Turubai la ndovu lilikuwa nyuma ya treila zetu, na asubuhi nikienda kuchota maji nawapita. Wamefungwa mnyororo mguu wa mbele wa upande huu na wa nyuma wa upande ule, hawezi kugeuka, anaweza hatua moja mbele, hatua moja nyuma. Na wanayumba. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, kichwa kinapanda kinashuka, saa nzima unarudi bado anayumba hivyohivyo, mkonga unapangusa sakafu mpaka umepachora. Watoto wa wageni walikuwa wanasema "angalia mama, anacheza densi." Ule si densi, mnyama akifungwa mahali bila la kufanya akili inaanza kuzunguka palepale, daktari yeyote wa mifugo atakwambia. Kulikuwa na mmoja mzee, jike, sikio lake la kushoto kwa nyuma lilikuwa na vidonda vidogovidogo, na kabla ya shoo yule mchungaji anampaka unga mweusi wa kukausha damu ili taa zikiwaka isionekane. Fimbo yenyewe anaingia nayo, lakini ameificha kwenye mkono wa koti, kile kichuma tu kinachungulia, na yule ndovu hatoi jicho kwenye huo mkono. Ukikaa kwenye viti huoni. Ukiwa nyuma ya pazia unasubiri zamu yako na miduara yako ya moto, unaona kila kitu. Na baadaye unaingia wewe, unatabasamu, watu wanapiga makofi yaleyale.

Chui milia sitaki hata kuanza. Ile gari ya vizimba inavuka nchi nzima na yeye ndani anageuka, anageuka, anageuka.

Sasa usidhani nakuletea tu majonzi, dunia imebadilika kweli na hii ndo sehemu inayokuhusu wewe na kazi yako. Bolivia, nchi ambayo si tajiri, ilipiga marufuku wanyama wote kwenye sarakasi mwaka 2009, na 2011 simba 25 walitolewa huko wakapelekwa kwa ndege hadi Colorado kwenye hifadhi. Peru na Colombia nazo zilipiga marufuku, na mwaka 2016 simba 33 kutoka huko walipandishwa ndege moja wakarudishwa Afrika, Limpopo kule Afrika Kusini, wengi wamevunjwa meno, wengi wameng'olewa kucha, kwa hivyo porini hawawezi kuwinda tena, wanalishwa, lakini angalau wanakanyaga majani. Uingereza ilifunga mlango wa wanyama pori mwaka 2020, Ufaransa sarakasi za kuzunguka mwisho wao ni 2028. Denmark ndo walinifurahisha zaidi, mwaka 2019 serikali ilinunua ndovu wanne wa mwisho wa sarakasi kwa kroner milioni 11 ili wastaafu, na wakamnunua na ngamia mmoja anaitwa Ali kwa sababu alikuwa rafiki wa ndovu mmoja, hawakutaka kuwatenganisha. Nilisoma hiyo nikaamka kumwonyesha mke wangu.

Huko unakokwenda wewe, Ujerumani, hakuna sheria ya nchi nzima, lakini miji mingi inakataa kuwapa uwanja sarakasi zenye wanyama pori. Hilo ni jambo la mkate wako, manake wakinyimwa uwanja shoo zinafutwa, na soma kontrakti vizuri kama unalipwa kwa mwezi au kwa shoo. Tena hapohapo Ujerumani kuna sarakasi ya Roncalli, wameacha wanyama kabisa tangu 2018, ndovu wao ni wa taa tu, hologramu, anazunguka ulingoni kama mzimu na watu wanajaza hema. Na hao Ringling wenyewe walitoa ndovu Mei 2016, mwaka uliofuata wakafunga, kila mtu akasema sarakasi imekufa, 2023 wamerudi bila mnyama hata mmoja. Ni watu tu. Wanaruka, wanapanda, wanabebana. Sasa fikiria, nani duniani anajua kubebana kama vijana wa kwetu?

Nafasi ikitoka kwa ndovu inakuja kwetu, ndugu yangu. Usiende kusimama upande unaokwisha.

Kwa hivyo naomba hivi. Usimkatalie ejenti kwa hasira, muulize kama ana sarakasi nyingine isiyo na wanyama pori, hao watu huwa na kontrakti tano mkononi wanatoa kwanza ile iliyokosa watu. Akikwambia ni hiyo tu, mwombe akupe wiki mbili. Mimi najuana na jamaa wa kundi moja lililokuwa linatafuta mtu wa juu wa piramidi, mwepesi, asiyeogopa, nimeshamtajia jina lako. Nitumie ile video yenu ya kuruka kamba ya usiku, si ile fupi, ile ndefu, na picha ya pasipoti ukurasa wa kwanza. Na mwambie yule mdogo wetu mrefu naye atume, wanaweza kuwachukua wawili.

Nisubiri Alhamisi jioni ntapiga simu nikitoka kazini, usilale mapema.

Wako wa chini ya piramidi,
Kaka yako