Kikao cha Jumamosi: kodi ya majengo na vituo vya daladala
Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Kikao cha Jumamosi, saa 4:00 asubuhi, kimehamia ofisi ya kata ya Gungu, kwa kuwa ukumbi wa Mwanga una harusi. Tutaandika barua ya kuiomba Manispaa ya Kigoma Ujiji ifuatilie mgawo wa kodi ya majengo, tunayokatwa tunaponunua umeme wa LUKU (wa kulipia kabla) tangu Agosti 2021, ili mgawo huo ujenge vituo vya daladala vyenye paa kati ya Mwanga na Ujiji. Tusiombe tozo mpya. Wapangaji, ambao ndio wanunuzi wa umeme, wamekwisha kuumia.

1. Njoo na stakabadhi ya LUKU inayoonyesha makato hayo.
2. Mchango wa shilingi 2,000 umfikie mhazini kabla ya Ijumaa.

Tafadhali thibitisheni hapa kufikia Alhamisi jioni. Aliye safarini atume mwakilishi.