Taroti zilianza kama karata za kuchezwa

Ndugu Mhariri,

Makala iliyotoka karibuni katika ukurasa wa ramli wa gazeti lako, iliyodai kwamba karata za taroti, zinazotumiwa na wapiga ramli, ni urithi wa makuhani wa Misri ya kale, haifai kuachwa ipite bila kusahihishwa. Karata hizo zilizuka kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, zinatajwa katika kumbukumbu za Florence za mwaka 1440, na zilitengenezwa ili zichezwe. Seti kamili ina karata 78, yaani 56 za panga, vikombe, sarafu na fimbo, turufu 21 zenye namba, na moja ya Mpumbavu.

Habari ya Misri ilienezwa na Mfaransa Antoine Court de Gébelin mwaka 1781, miaka 41 kabla mtaalamu wa Kifaransa Champollion hajayafumbua maandishi ya Wamisri wa kale, wakati ambapo hapakuwa na mtu Ulaya aliyeweza kuyasoma. Haikuchukua muda Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake nyuma mbele akajiita Etteilla, akachapisha mwongozo wa kuzipigia ramli.

Tuitazame turufu ya 13. Wafaransa, ambao bado wanaucheza mchezo huu, wanachojali ni kwamba inaila ya 12 na inaliwa na ya 14, na thamani yake ni nusu pointi. Karata zinazowaumiza vichwa ni Mpumbavu, turufu ya 21 na, ajabu, ile ya 1 iliyo dhaifu kuliko turufu zote: anayecheza peke yake dhidi ya wenzake anahitaji pointi 56 kati ya 91 asipopata hata moja kati ya hizo tatu, ilhali akizipata zote 36 zinamtosha.

Kwa mpiga ramli, karata hiyohiyo ni Mauti. Katika seti ya mwaka 1909, iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, ni mifupa ya mtu iliyovaa deraya juu ya farasi mweupe. Mteja akishtuka, huambiwa upesi kwamba si kifo bali ni mabadiliko, na ikitokea kichwa chini, hupewa maana nyingine. Sikatai kwamba picha inaweza kumfungua mtu mdomo akaeleza yaliyomsibu. Lakini mchezaji akikosea, wenzake humkamata papo hapo na pointi zikahesabiwa, ilhali aliyetabiri mabadiliko hawezi kukamatwa, kwani ni nani atakayemaliza mwaka bila badiliko lolote?

Ikiwa ukurasa huo utaendelea, naomba mwandishi aeleze maana anazozitoa zilitungwa na nani na lini, kabla hajamshauri tena msomaji aahirishe posa kwa sababu ya karata ya Mnara.

Msomaji wako,
Tanga