Barua kwa mwanangu: chumvi yako usiiache

Baba,

Nimepata salamu zako, na habari ya wenzako bwenini wanaokuonya kwamba chumvi unayoongeza kwenye maharage itakuletea presha. Wanakutakia mema, lakini figo zao si kama zako, zenye ugonjwa wa Bartter. Umeshakuwa mkubwa, sitaki umeze dawa kwa sababu tu mama kasema.

Figo za mtu mzima huchuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu kila siku, na karibu yote hurudishwa. Mkojo hubaki lita moja au mbili tu. Kazi ya kurudisha hufanywa na seli za kuta za mirija myembamba ya figo. Kipande kimoja cha mrija huo, pale unapopanda kutoka kwenye kitanzi cha Henle (mahali mrija unapojikunja), hurudisha kama robo ya chumvi yote iliyochujwa. Kwenye utando wa seli hizo, upande wa mkojo, kuna protini inayoingiza kwa pamoja sodiamu moja, potasiamu moja na kloraidi mbili; sodiamu na kloraidi ndizo zinazofanya chumvi. Sodiamu husukumwa na pampu hadi upande wa damu. Kloraidi ina njia yake ya kutokea, chaneli iitwayo ClC-Kb, na yako ndiyo yenye hitilafu.

Kloraidi ikikosa pa kutokea hujaa ndani ya seli, na uingizaji wa chumvi nao hufifia. Chumvi inapotea na mkojo, maji yanaifuata. Mwili ukihisi unakaukiwa, homoni iitwayo aldosteroni hupanda ili kuokoa sodiamu mbele zaidi kwenye mrija, na sodiamu hiyo huokolewa kwa kupoteza potasiamu. Ndiyo maana misuli hukukaza, na ndiyo maana unakunywa ile dawa chungu. Mtu aliyevimba miguu kwa ugonjwa wa moyo hupewa dawa ya Lasix ili apoteze chumvi na maji kupitia kipande hichohicho cha mrija. Wewe unapoteza usiku na mchana bila kidonge.

Ugonjwa huu Dkt. Bartter na wenzake waliueleza mwaka 1962 huko Marekani; jeni yenye kasoro katika aina yako ilijulikana 1997. Najua baadhi ya ndugu walinong'ona kuhusu kurogwa. Hapana, mwanangu. Nakala moja yenye kasoro ulipata kwangu, nyingine kwa baba yako, na sisi hatukuumwa kwa kuwa kila mmoja wetu ana nakala moja nzima. Hakuna aliyekutendea ubaya.

Kula ndizi, kunywa madafu ukiyapata, ila visichukue nafasi ya dawa. Ukitapika au ukiharisha usingoje asubuhi, mwamshe matroni: potasiamu ikishuka sana, mapigo ya moyo huvurugika. Barua ya daktari anayo. Mwambie akupeleke hospitali upimwe damu, hata kama unajiona una nguvu.

Dawa za mwezi ujao nitakuja nazo siku ya wazazi.

Mama yako