Mwanangu, kalia kwanza siti ya nyuma

Igoma, Mwanza
14 Septemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako na za mkwe wangu zimetufikia. Huku hatujambo. Nyonga ya mama yako bado inamsumbua asubuhi, ila akishaota jua kidogo uani anatembea mwenyewe mpaka dukani. Waambie wajukuu wangu miembe imeshatoa maua, wakija Januari hawatakosa cha kuchuma.

Umeniambia uhamisho umetoka na kwamba mnataka kununua gari la haibridi, linalotumia petroli na umeme wa betri, kabla hamjahama kutoka Dodoma kuja huku Mwanza. Ukanitumia picha tatu, Harrier, Prius na Noah, ukauliza lipi lina thamani ya hela zenu. Nimechelewa kujibu kwa sababu picha haijibiwi. Harrier nimeipata kwa mzee mwenzangu niliyefanya naye kazi, Prius na Noah nimezikuta kwenye yadi mbili tofauti hapa mjini. Zote tatu nimeomba kuzijaribu, na kila nilikokwenda nilikwenda na mama yako, nikamkalisha nyuma.

Nitakueleza kwa nini nyuma. Unakumbuka tulivyokwenda kumzika shangazi yako Sengerema? Wewe ulikuja na basi, hukuona tulivyosafiri. Lile gari letu jeusi nililinunua kwa sababu mbili tu, lilikuwa linakula mafuta kidogo na rimu zake zilikuwa zinang'aa. Wakati wa kurudi, kutoka kijijini hadi kufika lami, nilikuwa nazungumza na baba yako mdogo mbele, tunakumbushana mambo ya marehemu, naona safari inakwenda vizuri. Tulipofika Busisi, enzi zile bado tunavuka kwa kivuko kwenda Kigongo, nikafungua mlango wa nyuma mama yako ashuke. Hakuweza. Alikuwa amekaa upande mmoja, ameshika siti ya mbele kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, na njia nzima hakusema neno kwa sababu hakutaka kutukatiza kwenye msiba. Vijana wawili wa pale kivukoni walinisaidia kumnyanyua. Nimeendesha magari miaka 31, mwanangu, na siku ile ndiyo nilijua kwamba mwenye usukani ndiye mtu wa mwisho kujua gari linaumiza. Ana usukani wa kushika, analiona shimo kabla halijafika, mwili wake umejiandaa. Aliye nyuma anapigwa bila taarifa.

Gari hili mnalonunua, ninyi wawili mtakaa mbele. Nyuma watakaa watoto watatu, na Jumapili mama yako. Ndiyo maana nimelipima huko.

Njia ilikuwa moja kwa magari yote. Tulianza hapa nyumbani, tukapita vumbi letu lenye rasta, vile vimatuta vidogo vilivyofuatana, mpaka lami, Buzuruga, Mabatini, tukapanda Bugando, tukashuka Mkuyuni hadi Nyegezi na Buhongwa, kisha tukarudi. Matuta humo hayahesabiki. Kabla ya kuondoka nilipima upepo wa matairi na kuuweka sawa na kibandiko cha mlangoni, na wewe usisahau hilo, maana magari mengi ya yadi hujazwa upepo kupita kiasi. Ukilijaribu hivyo utalichukia bure, au utalisifia lingine kwa sababu tu matairi yake yamelegea.

Prius ile ni ya kizazi cha tatu, iliyoanza kutoka 2009, na hii imefungwa tairi za 215/45 rimu 17. Fanya hesabu nami: 215 ni upana wa tairi kwa milimita, 45 ni asilimia ya upana huo, kwa hiyo ukuta wa tairi una milimita 97 hivi. Prius hiyo hiyo hutoka pia na 195/65 rimu 15, ambayo ukuta wake ni milimita 127. Sentimita tatu za mpira na upepo zimeondolewa ili rimu ipendeze, na sentimita tatu hizo ndizo zingemeza ncha ya shimo kabla haijamfika mama yako mgongoni. Kwenye rasta zetu alisema, "Rudi, baba, tusiende mbali." Pia gari liko chini. Bampa ya mbele iligusa pale kwenye mtaro wa jirani, na sasa ni kiangazi. Masika yakishachimba itakuwaje? Kushuka ndani yake kulimtesa kuliko safari yenyewe, kwa sababu siti iko chini na mtu mwenye nyonga mbovu lazima ajivute kwenda juu.

Harrier ni gari zuri, sitaki kukudanganya kwa sababu ya bei yake. Nyuma kila gurudumu limefungwa kivyake, shimo la kulia halimtikisi aliyekaa kushoto. Prius ile na Noah zina ekseli ya boriti, magurudumu ya nyuma yameunganishwa, moja likiruka na mwenzake anasikia. Tairi zake zilikuwa 235/55 rimu 18, na ingawa rimu ni kubwa, ukuta bado una milimita 129. Kwa hiyo usikariri kwamba rimu kubwa ni mbaya. Soma namba tatu zote, halafu piga hesabu. Kwenye mashimo Harrier iliwashinda wenzake waziwazi.

Kwenye matuta mambo yaligeuka. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kwa Harrier ni milimita 2,660. Prius ni 2,700 na Noah ni 2,850. Gari lenye nafasi ndefu kati ya magurudumu hupanda tuta taratibu na kushuka taratibu, haliinamishi pua na kuinua mkia kama mtumbwi mdogo kwenye mawimbi ya Ukerewe. Mama yako hajui namba hizo, lakini tulipofika Buhongwa ndani ya Noah aliniambia, "Hapa nimekaa." Aliingia kwa kugeuza kiuno tu, kwa sababu siti iko usawa wa nyonga yake, na mlango unateleza, hausukumwi kwenye gari la jirani. Noah haibridi ina siti saba, zile mbili za katikati kila moja imejitenga. Mtu anakaa peke yake, habanwi na mtu wa tatu. Tairi ni 195/65 rimu 15, za kawaida, kila duka la tairi wanazo.

Ila Noah ilikuwa inagonga nyuma kwenye mashimo, kishindo kikavu. Nilichungulia chini, nikaikuta shokapu ya kulia, ile inayozuia mtikisiko, imevuja mafuta na bushi, mipira ya viungio, zimepasuka. Hapa watu wengi hukosea hesabu. Ukilinganisha magari mawili yaliyotumika, mara nyingi unalinganisha shokapu zao tu. Shokapu, bushi na matairi hununuliwa, fundi anafunga siku moja na gari linakuwa lingine. Urefu wa gari, usawa wa siti na jinsi mlango unavyofunguka huwezi kuvinunua baadaye kwa fundi yeyote. Kwa hiyo kishindo kile hakikunitisha, kilinipa sababu ya kuomba punguzo.

Sasa mafuta, maana najua mkwe wangu ndilo analolisubiri. Takwimu za Japani zinasema Noah haibridi inakwenda kilomita 23.8 kwa lita. Usizipangie bajeti. Kipimo kile kimefanywa maabara, bila mlima wa Bugando na bila kiyoyozi cha saa saba mchana. Mwenye Harrier ananiambia yake inampa 13 au 14 mjini. Kwa Noah weka 15 kichwani, ikizidi ni faida. Noah ya petroli ile ya zamani ya baba yako mdogo hapa mjini hupata 9. Mkitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, ya petroli inakunywa lita 111, haibridi lita 67. Zinabaki lita 44 kila mwezi, zaidi ya lita 500 kwa mwaka. Chukua bei kikomo ya mafuta ya Mwanza inayotangazwa na mdhibiti, EWURA, ambayo iko juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji, uzidishe mwenyewe.

Lakini akiba hiyo ni ya mjini. Haibridi inarudisha umeme kwenye betri pale unapopunguza mwendo au unapofunga breki, na kwenye foleni ya Mabatini injini inazima kabisa huku kiyoyozi kinaendelea, kwa sababu kompresa yake inaendeshwa kwa umeme. Ukitoka hapa kwenda Musoma, zaidi ya kilomita 200 kwa mwendo mmoja, betri haina cha kuokota na injini inafanya kazi karibu muda wote. Kama mngekuwa watu wa safari ndefu kila wiki ningekwambia nunua petroli ya kawaida, tofauti ya bei ibaki mfukoni. Wewe utakuwa unatoka Buhongwa kwenda kazini mjini na kurudi, na watoto shuleni katikati. Haibridi inakufaa.

Ushuru umefanya uamuzi uwe mwepesi. Kama mtaagiza wenyewe, ushuru wa forodha ni asilimia 25 na VAT asilimia 18 kwa gari lolote kati ya hayo, lakini ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1000 hadi cc 2000, na 10 ikizidi hapo. Noah na Prius zina injini ya cc 1,797. Harrier haibridi ina cc 2,493. Halafu gari likizidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, likivuka 10 unapanda tena. Ingizeni mwaka wa gari kwenye kikokotoo cha mamlaka ya mapato, TRA, kabla hamjatuma hata shilingi. Kuna gari la bei ndogo mnadani ambalo likifika bandarini linakuwa ghali kuliko dogo lake la miaka miwili.

Betri ndiyo inayowatisha watu, na wana haki. Betri ya Prius ile ina moduli 28, yaani vipande vidogo vya betri, zilizounganishwa mfululizo, na ikichoka moja inawavuta wenzake wote. Noah haibridi nayo ina betri ya aina hiyo hiyo ya nikeli, imewekwa chini ya siti za mbele. Adui yake ni joto. Kuna feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kuipoza, na tundu la hewa hiyo likizibwa na vumbi, nguo au mfuko wa karanga, betri inajipika kimyakimya. Kwa vumbi la huku kwetu tundu lile lisafishwe kila mnapofanya sevisi. Waambie na watoto.

Namna ya kuipima: panda mlima na kiyoyozi kimewashwa, macho kwenye kipimo cha betri. Betri nzima inashuka polepole na kupanda polepole. Iliyochoka inaporomoka kabla hujafika kona, halafu ukishuka mlima inajaa ghafla kama debe dogo. Prius ya yadini ilifanya hivyo hivyo, na feni ikapiga kelele mpaka tukaisikia mbele. Noah ilipanda Bugando bila kubabaika. Hata hivyo sitosheki na macho yangu. Namchukua fundi umeme mwenye kifaa cha kusoma volti za kila kundi la moduli, aniandikie kwenye karatasi. Nimeulizia pia bei ya betri ya Noah hapa Mwanza, mpya na iliyokwisha tumika, kabla hatujanunua. Iingizeni kwenye bajeti yenu kama mtu anayewadai ambaye hajasema tarehe ya kuja.

Kwa hiyo jibu langu ni Noah, mwanangu. Harrier ingetikisa kidogo zaidi kwenye matuta, lakini kwenye mashimo ingetupoza wote, hilo nakubali. Ila ina siti tano. Watoto watatu na ninyi wawili, imejaa. Mama yako angebaki nyumbani kila Jumapili, au mtoto mmoja angepakatwa, na kumpakata mtoto kwenye gari sikubali, nimeona ajali nyingi mno barabarani. Mnakopa ili mlipe zaidi kwa gari lisilotuchukua sote. Kama bei ya Noah itawashinda, tafuteni Prius Alpha ya rimu 16. Ni ndefu kuliko Prius ya kawaida, milimita 2,780 kati ya magurudumu, na tairi zake zina nyama. Bado iko chini, mama yako atahitaji mkono wa kumshika, lakini nyuma atakaa.

Jumamosi narudi kwenye yadi ya Noah na fundi umeme na yule fundi wangu wa springi. Mwenye gari ameandika bei ya namba E kana kwamba imeshuka melini jana. Nikimwonyesha shokapu na bushi natarajia atashuka. Usitume hela bado, hata akikupigia mwenyewe na kusema kuna mteja mwingine. Nitakutumia picha ya karatasi ya volti na ya kibandiko cha mwaka.

Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, hakuna tena kusubiri kivuko. Mama yako hajavuka. Makaburi ya Sengerema hajayaona tangu siku ile. Amesema gari likija anataka siti ya katikati, upande wa kushoto, alione ziwa.

Wabusu wajukuu.

Baba yako